Kujua Kama Mafaili Yamefika: Dashibodi ya Hali kwa Programu ya Usawazishaji

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya watumiaji wadogo na wa kati wa huduma za mawasiliano: vyama vya ushirika, shule, zahanati, maduka ya dawa na ofisi za uhasibu zinazotunza kumbukumbu katika kompyuta zaidi ya moja, kila moja mahali pake. Baada ya kulisoma, mtumiaji anatarajiwa aweze:

(a) kueleza kwa nini programu ya usawazishaji inaweza kuonesha kwamba mambo ni shwari ilhali mafaili hayajafika;
(b) kuandaa ukurasa mmoja unaoonesha hali halisi ya kila kituo;
(c) kutofautisha kukatika kwa umeme na kukatika kwa mtandao, ili malalamiko yake yafike panapohusika;
(d) kulinda taarifa za watu wengine zilizomo katika mafaili hayo.

1. Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano wa kufundishia. Chama cha ushirika kina ofisi mjini Dodoma na ghala Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Wakati wa mavuno, karani wa ghala hupima magunia ya alizeti na mahindi, kisha huingiza katika jedwali jina la mkulima, uzito wa mzigo na fedha anazostahili. Mhasibu aliye Dodoma huandaa malipo kwa kutegemea jedwali hilo. Zamani lilisafirishwa kwa flashi aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Sasa chama kimeweka programu ya usawazishaji, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichomo katika folda ya Kibaigwa kinaonekana pia katika folda ya Dodoma bila mtu kukibeba.

Mafaili yasipofika, mkulima aliyeleta magunia yake Jumanne hatakuwamo katika malipo ya Ijumaa. Na ikiwa kompyuta ya ghala itaibwa au kuungua kabla nakala haijafika, kumbukumbu ya mzigo wake itakuwa imepotea, naye atabaki na neno lake dhidi ya neno la ghala. Kwa hiyo swali la kila siku si kama programu imewekwa. Swali ni kama faili la leo limefika.

Katika somo hili tunatumia Syncthing, programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Jakob Borg na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2013. Programu hii hupeleka mafaili kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa njia iliyosimbwa, bila kuyahifadhi kwa kampuni ya katikati. Mtumiaji wa programu nyingine atazikuta kanuni zilezile, ingawa majina ya vitufe yatatofautiana.

2. Neno "Up to Date" lina maana gani?

Syncthing inapofanya kazi, mtumiaji hufungua kivinjari katika kompyuta hiyohiyo na kuandika anwani 127.0.0.1:8384. Ukurasa unaofunguka huonesha folda upande mmoja na vifaa vya mbali upande wa pili. Folda iliyokamilika huandikwa "Up to Date" kwa rangi ya kijani. Watumiaji wengi huishia hapo.

Yafaa kuelewa kile ambacho neno hilo linathibitisha. Kompyuta ya Dodoma inaposema "Up to Date", inamaanisha kwamba imepokea kila kitu ilichoambiwa kuwa kipo. Ikiwa Kibaigwa imekatika mtandao tangu asubuhi, Dodoma haijaambiwa lolote kuhusu magunia ya leo. Kwa hiyo haikosi kitu, na folda inabaki kijani. Rangi hiyo si ya uongo. Inajibu swali tofauti na lile alilonalo mhasibu.

Jibu la swali la mhasibu hupatikana upande wa vifaa vya mbali, ambako kifaa kisichopatikana huandikwa "Disconnected", na chini yake "Last Seen", yaani mara ya mwisho kuonekana. Kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: hali ya folda isisomwe peke yake, bali isomwe pamoja na wakati ambapo kifaa cha upande wa pili kilionekana mara ya mwisho. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika usawazishaji, kituo kilichonyamaza kihesabiwe kuwa na tatizo mpaka kithibitike kuwa salama.

Matukio mawili ya mwaka 2024 yanaonesha kwamba jambo hili si la nadharia. Tarehe 1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilikata umeme katika maeneo mengi ya nchi. Ofisi zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu. Kompyuta ambayo haikupangwa kujiwasha baada ya umeme kurudi ingebaki imezima hadi mtu alipofika kazini. Tarehe 12 Mei, siku ya Jumapili, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Kompyuta zilizo katika jengo moja ziliweza kuendelea kusawazisha kwa mtandao wa ndani, kwa kuwa safari hiyo haipiti nje ya jengo. Vituo vilivyo mbalimbali vilitegemea intaneti iliyokuwa imeyumba. Katika matukio yote mawili, folda ya upande uliobaki hai ingeweza kuonekana kijani.

3. Maandalizi kabla ya dashibodi

Dashibodi haiwezi kurekebisha mpangilio mbaya. Yafuatayo yakamilishwe kwanza.

Aina ya folda. Kompyuta ya ghala ipangwe "Send Only", yaani kutuma tu, na ya ofisi ipangwe "Receive Only", yaani kupokea tu. Hivyo kosa la mtu wa Dodoma halitarudi Kibaigwa na kuharibu jedwali la asili. Mhasibu anayetaka kulifanyia kazi jedwali alinakili kwanza nje ya folda hiyo.

Matoleo ya zamani. Usawazishaji si nakala rudufu. Karani akifuta jedwali kwa bahati mbaya, ufutaji huo nao husafiri mpaka Dodoma. Kwa hiyo kompyuta ya ofisi iwashiwe utunzaji wa matoleo ya zamani. Aina iitwayo "Staggered" hutunza mengi ya karibuni na kupunguza ya zamani: kwa siku ya kwanza hubakiza toleo moja kwa kila saa, na kwa siku 30 za kwanza toleo moja kwa kila siku. Ikumbukwe kwamba kompyuta hutunza toleo la zamani pale badiliko linapotoka kwenye kifaa kingine, si pale mtu anapolibadili faili katika kompyuta hiyohiyo. Juu ya hayo, chama kiwe na diski ya nje inayonakiliwa kila wiki na kufungiwa mahali pengine.

Kujiwasha. Kompyuta ya ghala ipangwe kujiwasha umeme unaporudi, isiingie katika hali ya usingizi, na Syncthing ianze yenyewe bila kusubiri mtu aingize nywila ya Windows au Linux.

Saa. Kila kompyuta ipangwe kuchukua saa kutoka mtandaoni, kwa majira ya Afrika Mashariki. Nyakati zote za dashibodi ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. Kwetu saa 2 asubuhi huandikwa na kompyuta kuwa 08:00, na mkanganyiko wa saa sita unaweza kumfanya mtu aamini kwamba kituo kilionekana punde, kumbe kimenyamaza tangu alfajiri.

4. Daftari la mapigo

Njia rahisi ya kujua kama mafaili yanafika ni kutuma faili dogo na kuangalia kama limefika. Tuliite faili hilo daftari la mapigo, kwa mfano wa mapigo ya moyo.

Katika kompyuta ya ghala, fundi apange kazi ya kujirudia kila baada ya dakika 15, kwa kutumia kipanga kazi cha Windows au cron ya Linux. Kila inapofika zamu, kazi hiyo iongeze mstari mmoja wenye tarehe na saa katika faili lililomo ndani ya folda ileile ya majedwali. Sharti hilo la folda ileile ni la msingi, kwani tunataka pigo lipite njia yote ambayo jedwali hupita: diski ya ghala, programu, mtandao, na diski ya ofisi. Pigo likifika, njia nzima imethibitika.

Kwa saa 24 huandikwa mistari 96. Mstari mmoja una takriban baiti 26, hivyo faili la siku nzima halifikii kilobaiti 3. Lianzishwe faili jipya kila siku, lenye tarehe katika jina lake. Likiachwa likue mwezi mzima litafika takriban kilobaiti 75, na kwa kuwa faili dogo kiasi hicho hutumwa lote kila linapobadilika, bando la ghala litaliwa na mapigo badala ya majedwali.

Upande wa Dodoma, hesabu ni nyepesi: saa ya sasa toa saa iliyomo katika mstari wa mwisho uliopokelewa. Jibu huitwa umri wa pigo.

5. Ukurasa wa dashibodi

Ukurasa uandaliwe na kompyuta moja ya ofisi inayowashwa muda wote. Kila baada ya dakika 5, programu ndogo isome folda iliyopokelewa, iiulize Syncthing ya kompyuta hiyohiyo maswali machache, kisha iandike ukurasa wa kawaida wa kivinjari. Fundi atapata majibu katika anwani za Syncthing zilizoandaliwa kwa kazi hiyo: /rest/stats/device kwa wakati wa mwisho kuonekana, /rest/db/status kwa hali ya folda, na /rest/folder/errors kwa mafaili yaliyoshindikana.

Kwa mpangilio huu hakuna haja ya kufungua mlango wowote wa mtandao huko ghalani. Kituo kinaandika mapigo tu. Ofisi ndiyo inayosoma.

Kila kituo kiwe na mstari mmoja wenye mambo matano, na yasizidi hapo:

– umri wa pigo la mwisho;
– wakati jedwali la kazi lilipobadilishwa mara ya mwisho;
– idadi ya mafaili yaliyoshindikana;
– idadi ya mafaili ya mgongano, ambayo majina yake huwa na neno "sync-conflict";
– nafasi iliyobaki katika diski ya ofisi.

Jambo la pili lina sababu yake. Pigo huthibitisha kwamba njia iko wazi, lakini halithibitishi kwamba karani amehifadhi kazi yake. Jedwali lililo wazi tangu asubuhi bila kuhifadhiwa halina cha kutuma. Mhasibu akiona pigo la dakika 10 zilizopita na jedwali la tangu jana, siku ya mavuno, ampigie simu karani, si fundi.

Rangi ziwe nne, na maana zake zibandikwe ukutani:

Kijani: pigo halijazidi dakika 45, hakuna faili lililoshindikana wala la mgongano, na diski ina nafasi.
Njano: pigo lina zaidi ya dakika 45 lakini halijazidi saa 3, au kuna faili lililoshindikana au la mgongano, au nafasi ya diski imeshuka chini ya asilimia 10.
Nyekundu: pigo limezidi saa 3.
Kijivu: haijulikani. Hakuna pigo lililowahi kupokelewa, au saa ya pigo iko mbele ya saa ya sasa, dalili kwamba saa ya kituo ina kasoro.

Viwango hivi vya muda ni pendekezo. Kila ofisi irekebishe kulingana na kazi yake. Rangi ya kijivu isiondolewe. Dashibodi nyingi hukosea kwa kupaka kijani kila kisichokuwa na habari mbaya.

Kuna hatari moja inayosahaulika: dashibodi yenyewe inaweza kufa. Programu inayoandika ukurasa ikisimama, kivinjari kitaendelea kuonesha ukurasa wa mwisho, na kama ulikuwa kijani utabaki kijani wiki nzima. Kwa hiyo ukurasa uandikwe juu kabisa wakati ulipotengenezwa, na kivinjari chenyewe kikokotoe umri wake. Ukizidi dakika 15, ukurasa wote ugeuke kijivu.

6. Umeme au mtandao?

Daftari la mapigo lina faida ya pili, nayo inamhusu moja kwa moja mtumiaji anayelipia huduma. Kompyuta ya ghala huendelea kuandika mapigo hata mtandao unapokatika. Mawasiliano yakirudi, daftari zima hufika Dodoma, nalo husomeka hivi:

Ikiwa mistari ya muda huo ipo yote, kompyuta ilikuwa hai. Kilichokatika ni mtandao.
Ikiwa mistari haipo, kompyuta ilikuwa imezima, na mara nyingi sababu ni umeme. Hata hivyo aulizwe karani kwanza, kwani huenda aliizima mwenyewe au iliingia usingizini.

Kwa ghala linalotumia kompyuta mpakato yenye betri, mistari inaweza kuendelea kwa muda baada ya umeme kukatika huku ruta ikiwa imezima. Hali hiyo itaonekana kama hitilafu ya mtandao. Dawa yake ni kuiwekea ruta nayo betri, au karani kuandika saa za kukatika kwa umeme katika kitabu cha ghala.

Mtumiaji mwenye kumbukumbu za namna hii hulalamika kwa tarehe na saa, na halalamiki mahali pasipohusika. Lalamiko la mtandao lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma. Asiporidhika na majibu, alifikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati jijini Dodoma. Lalamiko la umeme lianzie TANESCO, na asiporidhika aende Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kila lalamiko liambatishwe nakala ya daftari la siku husika.

7. Ulinzi wa taarifa

Jedwali la ghala lina majina ya watu, namba zao za simu na fedha zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za aina hiyo kuzilinda, na kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa dashibodi, yazingatiwe yafuatayo.

Ukurasa wa Syncthing usifunguliwe kwa intaneti. Kwa kawaida husikiliza 127.0.0.1 pekee, na ubaki hivyo. Fundi akiubadilisha kuwa 0.0.0.0 na kufungua mlango 8384 katika ruta, yeyote aliye duniani anaweza kuufikia, na anayeingia humo ana uwezo wa kubadilisha folda na kuongeza kifaa chake. Uwekewe jina la mtumiaji na nywila hata kama hautoki nje ya kompyuta.

Ufunguo wa siri ambao programu ndogo huutumia kuiuliza Syncthing nao hutoa mamlaka kamili. Usiandikwe ndani ya ukurasa unaofunguliwa na kivinjari. Ukurasa ubebe majibu tu.

Majina ya folda yasitaje watu, madeni wala magonjwa. Dashibodi ya zahanati isiwe na folda ambayo jina lake peke yake linatoa siri ya mgonjwa.

Msimamizi anayetaka kuona ukurasa akiwa nje ya ofisi asifungue mlango wa ruta kwa ajili hiyo. Akitumia mtandao binafsi, yaani VPN, azingatie maelekezo ya TCRA, ambayo mwezi Oktoba 2023 iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao.

8. Majaribio kabla ya kuiamini

Dashibodi isitumiwe kwa uamuzi wa malipo kabla ya kufaulu majaribio haya manne. Tarehe na matokeo yaandikwe katika kitabu, na majaribio yarudiwe kabla ya kila msimu wa mavuno.

Kwanza, chomoa waya wa ruta ya ghala na subiri. Je, rangi inageuka njano baada ya dakika 45, na nyekundu baada ya saa 3? Rudisha waya, na hakikisha kwamba mistari yote ya muda huo imefika Dodoma.

Pili, zima kompyuta ya ghala kwenye swichi ya ukutani kwa saa moja baada ya kufunga mafaili yote. Ikiwa ina betri, izime kabisa, na baada ya saa hiyo iwashwe kwa mkono. Ya swichi ya ukutani inapaswa kujiwasha yenyewe umeme unaporudi, na daftari lioneshe pengo.

Tatu, simamisha programu inayoandika ukurasa. Je, ukurasa unageuka kijivu?

Nne, weka jedwali la majaribio, subiri lifike, lifute Kibaigwa, kisha lirejeshe kutoka matoleo ya zamani ya Dodoma. Ofisi ambayo haijawahi kurejesha faili haijui kama inaweza.

9. Maswali ya kujipima

1. Folda ya Dodoma imeandikwa "Up to Date", lakini pigo la mwisho la Kibaigwa lina saa 5. Je, mhasibu aandae malipo ya leo? Toa sababu.
2. Pigo lina dakika 8, lakini jedwali halijabadilika tangu jana na leo ni siku ya mavuno. Mhasibu awasiliane na nani kwanza?
3. Daftari la jana lina mistari yote 96, lakini mistari ya kati ya 10:00 na 16:00 ilifika Dodoma saa 16:20. Ni huduma gani ilikatika, na lalamiko lianzie wapi?
4. Kwa nini utunzaji wa matoleo ya zamani uwashwe Dodoma na si Kibaigwa pekee?

Majibu. (1) Asiandae mpaka athibitishe kwa simu kwamba hakuna mzigo uliopokelewa ghalani tangu pigo hilo. Folda haikosi kilichotangazwa, lakini kwa saa 5 Kibaigwa haijatangaza lolote. (2) Karani, kwani njia iko wazi na huenda hajahifadhi kazi yake. (3) Mtandao, iwapo kitabu cha ghala hakioneshi kukatika kwa umeme. Lianzie kwa mtoa huduma. (4) Kwa sababu badiliko linalotoka Kibaigwa huifikia Dodoma kama badiliko la kifaa kingine, na hapo ndipo toleo la zamani hutunzwa.